Mistari hafifu ya nyota kongwe: ni joto au ni uhaba wa chuma?

SWALI: Daktari, ninafundisha fizikia katika shule ya upili mtaani Buruburu, Nairobi. Tunasoma kwamba nyota kongwe zina chuma kidogo kwa kuwa mistari ya chuma katika mwanga wao ni hafifu. Lakini nyota yenye joto kali si inaweza kuwa na mistari hafifu hata ikiwa imejaa chuma? Mnatofautishaje?

JIBU: Mwalimu, shaka yako ni ya haki kabisa, na wataalamu wenyewe iliwahi kuwasumbua. Atomu ya chuma hunyonya mwanga wa urefu wake maalumu wa mawimbi, na kuacha mistari ya giza katika mwanga wa nyota. Joto likiinyang'anya elektroni moja, huiacha mistari hiyo na kuanza kunyonya mahali pengine. Mlinganyo wa jambo hili aliutoa mwanafizikia Meghnad Saha wa India mwaka wa 1920. Miaka mitano baadaye mwanaastronomia Cecilia Payne akautumia kuonyesha kwamba spektra za nyota (mwanga wao uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi) hutofautiana hasa kwa sababu ya joto.

Ndiyo maana HD 140283, nyota iliyo katika kundi la Mizani, ilidhaniwa kuwa na joto kali zaidi kuliko ilivyo: mistari yake ni hafifu mno. Mwaka wa 1951 Joseph Chamberlain na Lawrence Aller waliichunguza upya, wakakuta joto lake liko chini na metali zake ni haba kweli. (Metali kwetu ni elementi yoyote nzito kuliko heliamu.) Leo tunajua uso wake una kelvin 5,800 hivi, na wa Jua 5,772. Joto ni karibu sawa, ila chuma chake, kikipimwa dhidi ya haidrojeni, ni takriban sehemu moja kwa 250 ya kile cha Jua. Kwangu hakuna jibu la wazi zaidi ya hilo.

Kwa nyota nyingine tunaanza kwa kupima joto bila kutegemea chuma: tunatumia rangi ya nyota, pamoja na mabawa (kingo pana za pande zote mbili) ya mstari wa haidrojeni wa nanomita 656.3. Halafu chuma chenyewe kinatoa ushahidi. Kina mamia ya mistari inayoanzia ngazi mbalimbali za nishati, na kila mstari unatupa hesabu yake ya kiasi cha chuma. Ukikosea joto, mistari ya ngazi za chini itataja kiasi kimoja na ya ngazi za juu kiasi kingine. Joto sahihi ni lile linaloifanya yote ikubaliane. Vivyo hivyo, atomu kamili na zile zilizopoteza elektroni zikilinganishwa, hutufichulia nguvu ya uvutano kwenye uso wa nyota. Mimi huamini zaidi hizi za pili, kwa sababu katika nyota yenye metali haba mwanga wa urujuanimno hupenya kwa urahisi na kuzivunja atomu kamili, kwa hivyo hesabu rahisi hutaja chuma pungufu.

Ugumu halisi unakuja mistari inapokwisha. Nyota SMSS J0313−6708, iliyotangazwa mwaka wa 2014, haikuonyesha hata mstari mmoja wa chuma. Hapo hatusemi haina chuma. Tunasema kiasi chake hakizidi sehemu moja kwa milioni kumi ya kile cha Jua, na kikomo hicho kinategemea usafi wa data. Kaboni, magnesiamu na kalisi zilionekana, nazo zinatusaidia kukisia ni nyota ya aina gani, ya kizazi cha kwanza, iliyolipuka na kuziacha.

HD 140283 unaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa darubini ya macho mawili, mkitoka nje ya taa za jiji. Mwishoni mwa Juni, kama saa nne usiku, huwa juu sana, kusini kidogo ya utosi, mawingu yakiruhusu. Kwa darasani, spektra zake hupatikana bure katika hifadhi ya data ya ESO, shirika la Ulaya la uchunguzi wa anga ya kusini. Iweke ya nyota hiyo kando ya ile ya Jua, kati ya nanomita 516 na 519, penye mistari mitatu ya magnesiamu. Ukiona yote imesogea kama nanomita 0.3 upande wa samawati, usidhani ni hitilafu: nyota hiyo inatujia kwa kasi ya karibu kilomita 170 kwa sekunde.