Aliyeibiwa Naye Ana Kiti Kwenye Kikao

Msomaji mmoja wa hapa Kisumu ameniandikia kwamba mwenzake wa chumbani amemwibia laptopu na kuiuza. Kamati ya nidhamu inakutana wiki ijayo, naye kaambiwa asubiri. "Nisubiri nini?" ananiuliza.

Dada, hata mimi nilisubirishwa. Chuo sikitaji. Laptopu yangu iliuzwa Kondele kwa bei ya kutupa, kazi zangu za muhula zikiwa ndani. Kamati ilinihoji kama shahidi, ikanitoa nje. Mwenzangu akasimamishwa masomo, akafunga godoro lake nyuma ya boda, akaenda zake. Mimi sikuona hata senti, na hosteli nzima ikasema nimemharibia maisha. Mama yake huuza omena Kibuye. Hadi leo nikifika sokoni huzungukia upande wa mitumba. Hiyo ndiyo haki?

Siku hizi vyuo hunipigia simu mimi, nikae na wanafunzi waliokoseana. (Ndiyo, najivunia.) Muhula uliopita alikuwa kijana aliyekula mchango wa matanga wa mwanadarasa mwenzake. Alikuja amejiandaa kuulizwa pesa ziko wapi. Aliyefiwa akamuuliza: "Ulikuja kwetu, ukapakuliwa, ukaongeza. Chakula kilipitaje kooni?" Kijana akabaki anakwaruza meza kwa ukucha. Walitoka na maandishi: kiasi, tarehe za kulipa, na kwamba atalieleza darasa kwa mdomo wake. Msamaha haukutolewa, nami sikumwombea.

Wanaosema huku ni kudekeza wezi wasome kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010. Mahakama zenyewe zimetakiwa kukuza upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro. Kule Elmira, Kanada, mwaka 1974, vijana wawili walioharibu mali 22 walipelekwa kuonana na wenye mali ana kwa ana, kisha wakalipa. Sasa kamati ya chuo ina ukubwa gani?

Kwa hiyo, mwandikie mkuu wa wanafunzi kabla ya siku ya kamati. Omba kikao cha upatanisho, na useme unachotaka: laptopu, au thamani yake, kazi zako zilizomo, na lini. Sema unachotaka, usiogope kuonekana una tamaa. Msimamizi wa kikao azungumze na kila mmoja wenu kando kwanza. Mwenzako akikana kwamba ameuza, hakuna kikao. Kesi irudi kwa kamati. Na kama kuna kipigo, vitisho au kubakwa, asikulazimishe mtu, hata awe mchungaji, kukaa meza moja na aliyekutenda hivyo.

Nenda na mtu unayemwamini. Narudia: sema unachotaka. Barua ipeleke kesho asubuhi, na usitoke ofisini bila nakala yenye muhuri.