Pangaboi Nyuma, Mnunuzi Hakuna: Neno kwa Wanaoanza Uhandisi wa Ndege

Kila nikipokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwenye hanga, wiki haiishi kabla mmoja hajaniuliza mbona ndege ndogo tunazohudumia zimebaki vilevile tangu baba yake yuko shule. Pangaboi mbele, mabawa yaleyale, kelele ileile. Zamani nilikuwa nacheka tu. Siku hizi namtafutia kiti, namsimulia habari ya CBA 123 Vector, ndege ndogo ya abiria iliyotengenezwa na Brazil na Argentina.

Mwaka 1986 Rais José Sarney wa Brazil na Raúl Alfonsín wa Argentina walikuwa wanajenga ujirani mpya baada ya nchi zao kutoka kwenye tawala za kijeshi, na ndege ikawa mojawapo ya mambo ya kushirikiana. Embraer, kampuni ya ndege ya Brazil iliyoko São José dos Campos, ikachukua sehemu kubwa ya kazi, kiwanda cha ndege cha FMA cha Córdoba, Argentina, kikachukua iliyobaki. Wazo lenyewe lilikuwa na akili. Embraer walikuwa wametengeneza ndege yao ndogo ya Bandeirante karibu 500, nayo ilikuwa imezeeka, inataka mrithi. Kiwiliwili wakakipata kwa kufupisha kile cha Brasilia, ndege yao ya abiria 30. Mpya ingebeba 19.

Hadi hapo sina neno. Balaa ilianza pale kila idara ilipopewa nafasi ya kutimiza ndoto yake. Injini mbili zikapelekwa nyuma, juu ya vikono pembeni mwa mkia, na pangaboi zenye mabapa sita zikageuzwa ziisukume ndege badala ya kuivuta. Bawa likabaki safi, bila injini juu yake, abiria akapunguziwa kelele na mtetemo. Injini yenyewe, TPF351 ya kampuni ya Garrett, ilikuwa mpya. Udhibiti wake ulikuwa wa kompyuta, vyombo vya rubani vilikuwa skrini, wakati ambapo ndege nyingi za ukubwa ule bado zilikuwa na mishale na saa za duara.

Vijana wakiona picha wanapiga mluzi. Hata mimi naipenda, sifichi. Lakini nawapa kwanza kisa cha tupa.

Nilipokuwa mwanagenzi tuliletewa ndege iliyotoka kiwanja cha changarawe. Kwenye bapa moja kulikuwa na pengo dogo, halizidi punje ya mchele. Fundi mkuu akanipa tupa laini, akasema nilainishe kingo mpaka nikipitisha ukucha usikwame. Nikakaa pale nusu siku. Akaja, akapitisha ukucha, ukakwama, akaondoka bila kusema kitu. Tangu siku ile nikiona pangaboi lililowekwa nyuma ya magurudumu, mkono unaniuma, maana kokoto lolote linalorushwa na tairi linaweza kuelekea huko. Tena pangaboi la nyuma halikati hewa tulivu: linakata hewa iliyokwisha kuvurugwa na vilivyo mbele yake, na kila bapa linapigwa na mvurugo huo katika kila mzunguko. Mambo haya yana dawa, ila dawa yake ni fedha na uzito.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme maringo yote haya yameongeza dola milioni 1 kwenye bei ya ndege moja. Gawanya kwa viti 19: kila kiti kimebeba dola 52,600 na ushee. Milioni hiyohiyo kwenye ndege ya viti 50 ni dola 20,000 kwa kiti. Na usiseme utaongeza viti viwili vitatu, kwani 19 si namba ya bahati nasibu. Kanuni za Marekani, soko walilolilenga, zinataka mhudumu wa abiria viti vikizidi 19, na mhudumu huyo analipwa mshahara na anakula nafasi. Kwa hiyo pale juu kuna dari. Gharama inapanda, viti havipandi.

Bei ya Vector ilifika zaidi ya dola milioni 5. Mwenye kampuni ya safari fupi akilinganisha na Beech 1900 au Jetstream 31, anaona zote zinabeba watu 19, zote zinafika, na hizo mbili ni nafuu kuzinunua. Abiria wa dakika 40 halipi nauli zaidi kwa sababu bawa ni safi. Beech 1900 hizo mnazikuta mpaka leo pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na pangaboi zake mbele.

Ndege iliruka mara ya kwanza tarehe 18 Julai 1990, na kama ndege haikuaibisha mtu. Mwaka huohuo serikali ya Brazil ikafunga mkono, Embraer ikaelemewa na madeni, na karibu theluthi ya wafanyakazi wakapunguzwa. Wapo wanaoitupia hali ya uchumi lawama zote. Mimi naona uchumi ulimkuta mgonjwa tayari: kampuni zilikuwa zimeonyesha nia, lakini oda za kulipiwa hazikuja. Ndege mbili ziliruka. Ya tatu, iliyokuwa ya upande wa Argentina, haikukamilika. Garrett nao wakabaki na injini isiyo na ndege.

Waliobaki São José dos Campos walifanya kitu ninachotaka mkitazame kwa makini. Kwenye jeti yao ya viti 50, ERJ 145, walichukua tena kiwiliwili cha Brasilia, safari hii wakakirefusha, wakaweka injini nyuma, na wakatafuta washirika wa nje waliokubali kuchangia gharama na hasara. Embraer ikabinafsishwa Desemba 1994, jeti ikaruka Agosti 1995, na familia yake imepita ndege 1,000.

Kazi ya wiki hii: tafuteni picha ya Vector iliyopigwa kutoka nyuma, muichore kwa mkono. Kwenye kila sehemu andikeni pande mbili, abiria amepata nini, na fundi atapanda ngazi mara ngapi. Ijumaa mje na michoro, tupa nitaleta mimi.