Maswali ya wasomaji: umeuliza, au umeshajijibu?

Kichwa kinaniuma wiki ya pili. Nimeingia Google, kila ninapofungua naambiwa uvimbe kwenye ubongo. Nitapona? (Mama Nkuhungu)

Pole, mama. Hukunitajia ulichoandika, ila nakihisi: "dalili za uvimbe kwenye ubongo". Sasa ulitaka uletewe nini? Andika "sababu za kichwa kuuma", uone yanavyomiminika macho, presha, usingizi mdogo, kutokunywa maji kwenye jua hili letu. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, alianza miaka ya 1960 kueleza akili inavyorukia baya kuliko yote. Ikishafika huko, kurasa za kukutuliza unazipita, ile inayotisha unairudia. Nenda zahanati upimwe, bando halipimi presha. Kama unameza Panadol kila siku, waambie, maana zikizidi nazo huumiza kichwa. Maumivu yakija ghafla na makali, au mkono ukifa ganzi, kimbilia hospitali.

Shemeji katapeliwa kiwanja Nzuguni kwa tangazo la mtandaoni. Ina maana matangazo yote ni utapeli? (Mtumishi mgeni)

Hapana. Wala dalali mwenye maneno matamu si mkweli. Peleka namba ya kiwanja ofisi ya ardhi ya jiji kabla hujatoa hata mia.

Nimetafuta makala za utafiti wangu nikakosa. Labda sina kichwa cha shule. (Mwanachuo, UDOM)

Umetafuta mara ngapi, mdogo wangu? Badili maneno, kisha kamuone mkutubi.

Limao na magadi yanaponya kisukari? Nimeona kwenye magrupu matatu.

Jamani, tena! Ni ujumbe uleule umetumwa mara tatu. Hayaponyi. Usiache dawa.

Nilisema samadi inaua mizabibu. Nikatafuta, nikakuta ni kweli. Mwanangu bado anabisha. (Mzee, Mpunguzi)

Shikamoo mzee. Ulitafuta "madhara ya samadi", sivyo? Mwaka 1960 Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliwapa watu namba 2, 4, 6 wakisie kanuni yake kwa kutunga namba zao. Wengi wakaleta za aina ya 8, 10, 12, wakaambiwa zinafuata kanuni, wakajiona wamepatia. Kanuni ilikuwa namba zipande tu; hata 1, 7, 50 zingefaa, ila nani ajaribu za kumvunjia wazo lake? Samadi mbichi huunguza mizizi, hapo uko sawa. Iliyooza vizuri inafaa, na hapo mwanao yuko sawa. Mwachie ajaze mashimo, ila aikague kwanza: ikiwa bado inafuka joto, isubiri.