Anza na soda ya saa nne

Dada, umesema unakaa Kisasa, Dodoma, kazi iko Mtumba, kutwa uko kitini, jioni umechoka hoi, na ratiba ya afya uliyojipangia imekufa ndani ya wiki. Ilikuwa lazima ife: kuamka saa kumi ukimbie, kuacha wanga, kulala saa tatu, vyote kwa mpigo! Nani anaweza?

Chagua kimoja. Mimi ningeanza na ile soda unayoshushia chapati saa nne. Chupa ya mililita 350 huwa na sukari gramu 35 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri, ikiwezekana, isizidi gramu 25 kwa siku nzima. Beba maji kutoka nyumbani, uyaweke mezani unapoyaona, maana kiangazi cha Dodoma kinakausha mtu kabla hajahisi kiu. Ukitamani kitu kichachu, ubuyu upo, ila ule usiopakwa sukari na rangi.

Hiyo ikishazoeleka, ongeza kutembea. Jioni jua likipoa, shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako. Dakika 30 kwa siku tano zinatimiza 150 za wiki zinazoshauriwa kwa mtu mzima. Mambo ya kulipia ukumbi wa mazoezi, baadaye.

Kwenye chakula usijitese. Ugali wa mtama kwa mlenda uendelee. Punguza tonge, zidisha mboga. Na usiku simu ilale sebuleni, upate usingizi.

Uchovu ukibaki hata unapolala vizuri, nenda kapime wingi wa damu, sukari na presha. Usiunyamazie.