Nimeshalipa kianzio cha BMW, mke wangu hajui

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, nina miaka 36, naishi Morogoro na mke wangu ambaye ni muuguzi, na tuna watoto wawili. Baada ya makato nabakiwa na 950,000 kwa mwezi. Nimejinyima miaka mingi, sasa nina akiba ya milioni 15. Nimepata BMW X5 ya mwaka 2008 kwenye yadi moja Dar, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), V8, viti vya ngozi, wanataka milioni 23. Milioni 8 zilizobaki nataka kukopa SACCOS ya kazini. Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema tumalizie kwanza nyumba ya Kihonda, iliyoishia kwenye lenta. Shangazi, mwaka jana nilifika kwenye msiba wa baba mkwe kwa bodaboda, mashemeji wamepanga magari uani, na mmoja akaniuliza mbele za watu kama nimekuja kufunga turubai. Sijasahau. Dalali anasema kuna mtu mwingine analitaka gari hilo, nimeshampa laki tano alishikilie. Hilo mke wangu halijui. Nimwambie nini anielewe?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa lile la msibani. Naanza nalo kwa sababu naona shemeji yako ndiye aliyekuuzia gari hili kabla dalali hajakupigia simu. Mtu anayemdhihaki mwenzake siku ya kumzika baba yake mzazi amejishushia heshima mwenyewe, na waliokuwepo walimsikia. Una haki ya kuumia. Kutaka gari zuri nako si kosa hata kidogo: umefanya kazi, umeweka akiba bila mtu kukusimamia, na wengi wenye mshahara kama wako hawana hata milioni 2 benki. Ninachokipinga ni gari hili, kwa mkopo huu, kwa kificho hiki.

Jiulize kwa nini X5 ya V8 imefika milioni 23. Lilipotoka kiwandani lilikuwa gari la watu wenye fedha nyingi. Miaka imepita, bei ya kulinunua imeporomoka, lakini bei ya spea zake haijaporomoka, na mafuta linakunywa kama siku ya kwanza. Dalali atakuambia ukiagiza mwenyewe Japani ushuru utakumaliza. Hapo hasemi uongo. Injini inayozidi cc 2000 inatozwa ushuru wa bidhaa wa juu zaidi, na gari lililozidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Huo aliulipa mwingine. Sasa mwenye uwezo wa kulipa ushuru ule ameamua kulitoa gari hilo, na wewe unalipokea kwa mkopo. Lazima ujue anachokikimbia.

Kabla ya kukujibu nilizungumza na mafundi wa gereji moja ya Dar wanaoshughulika na magari ya Kijerumani, nikawasomea maelezo yako. V8 ya X5 za mwaka huo ni ya cc 4800, na ina ugonjwa unaojulikana duniani kote. Sili za vali, vile vipira vidogo vinavyozuia oil isishuke kwenye silinda, hukakamaa kwa joto na umri. Oil ikaanza kuungua pamoja na petroli. Kuligundua hilo huhitaji kompyuta. Injini ikishapata moto, liache limesimama linanguruma dakika kumi na tano. Kisha mtu akanyage mafuta, wewe ukiwa nyuma unatazama bomba la moshi. Ukiona wingu la moshi wa bluu, ondoka. Dalali hatapenda ungoje muda wote huo, atasema mafuta yanaisha. Mwekee ya elfu kumi, ungoje.

Kuna bomba la maji linalopita katikati ya injini hiyohiyo. Mpira wake ukichoka, maji yanapungua kidogo kidogo bila kuona yanapovujia, na kulifikia ni kufumua sehemu kubwa ya injini. Gia boksi nayo ni ya kampuni ya ZF ya Ujerumani. Wauzaji wengi watakuambia oil yake haibadilishwi maisha, wakati ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Uliza ilibadilishwa lini, na uombe risiti. Halafu fungua buti, inua zulia, pitisha mkono chini kabisa. Kama gari lina paa la kioo na mifereji yake imeziba, maji huishia pale, na pale ndipo vinapokaa baadhi ya vidhibiti vya umeme. Ukigusa unyevu, usikubali kuambiwa gari limetoka kuoshwa.

Yote hayo uyafanye ukiwa na fundi wako mwenye mashine ya kusoma BMW, umemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali anamfanyia kazi dalali.

Sasa njoo kwenye mshahara wako, maana hapa ndipo mke wako ana hoja nzito kuliko ulivyonieleza. Milioni 8 kwa miaka 3, hata kwa riba nafuu ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ni kama 266,000 kila mwezi. Mafuta tuyahesabu kwa 3,000 lita. Mjini V8 hiyo ikienda kilomita 5 kwa lita usishangae. Kwa kilomita 10 tu kila siku ya kazi na Jumamosi, unafika lita 50, yaani 150,000, na hapo hujatoka Morogoro. Kwenda Dar na kurudi, hata kwa ulaji mdogo wa barabara kuu, ni kama 150,000 nyingine. Tangi lake ni lita 85. Siku utakayosema 'jaza', ni 255,000. Bima kubwa kwa kawaida hutozwa takriban asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT. Kwa gari la milioni 23 inakaribia 950,000. Mshahara wako wa mwezi mzima, mwanangu, kwa bima peke yake. Bado hujabadilisha tairi.

Utaniambia afisa utumishi ataupitisha mkopo kwa sababu makato hayatakuacha chini ya theluthi moja ya mshahara. Utaratibu huo umewekwa ili mtumishi asife njaa. Hauna maana kwamba familia inaweza kuishi vizuri kwa kinachobaki. Na wafikirie wadhamini wako. SACCOS haitakupa milioni 8 bila wenzako wa ofisini kutia saini. Gari likifa injini mwezi wa tano nawe ukashindwa marejesho, makato yatahamia kwao. Dada wa masijala aliyekudhamini, mwenye watoto shuleni, atalipia moshi wa bluu wa gari ambalo hajawahi kulipanda.

Kuhusu mke wako umeniuliza umwambie nini akuelewe. Mwambie kuhusu laki tano. Leo, kabla ya jambo jingine lolote. Usianze na sifa za gari wala na dhihaka za kaka yake. Sema tu: nimetoa laki tano bila kukuambia, nilikosea, hizi hapa meseji za dalali. Atakasirika, na utanyamaza umsikilize. Muuguzi anayeingia zamu za usiku kisha akarudi kuhesabu mifuko ya saruji hastahili kuyasikia haya kwa jirani. Akishapoa, mweleze la msibani kama ulivyonieleza mimi. Katika barua yako sikuona mahali uliposema umewahi kumweleza. Yeye anadhani unataka BMW. Hajui kwamba unataka kufika kwao bila kuinamisha kichwa, na hilo mnaweza kulitafutia njia pamoja.

Njia zipo. Angalia Harrier ya kizazi cha pili yenye injini ya cc 2400. Nje ya Japani gari hilo liliuzwa kama Lexus RX, kwa hiyo utulivu wa ndani unaoutamani utaupata. Limekaa juu kwa barabara za Kihonda, fundi wa Morogoro analijua, na spea zake kwenye maduka ya Gerezani, Dar, huzikosi, mpya na za mtumba. Namba D iliyotunzwa utaikuta kwa bei inayokaribia akiba yako. Ila usimalize akiba yote: tafuta la milioni 11 au 12, zinazobaki zikae kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, maana gari la mkononi halikosi la kurekebisha. Kama mke wako atasema hata hilo lisubiri mpaka bati zipande, msikilize. Nyumba iliyoishia kwenye lenta inaliwa na mvua kila masika.

Gari lolote mtakalokubaliana, omba kadi orijino. Ukionyeshwa kopi, uliza orijino iko wapi, maana huenda iko kwa mkopeshaji. Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayepokea fedha. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA mara moja. Magari mengi yanatembea kwa jina la mmiliki wa zamani, na siku ya ajali au deni hapo ndipo kesi inapoanza.

Na ile laki tano. Mpigie dalali, mwambie hununui, unaomba fedha yako. Kama hakukuandikia chochote, mtumie meseji inayotaja tarehe, kiasi na namba ya gari, akikujibu umepata maandishi. Pengine atakata ya usumbufu, pengine atazungusha wiki kadhaa. Hata zikipotea zote, usinunue gari la milioni 23 kwa ajili ya kuokoa laki tano.