Maswali ya Wasomaji: Njia Gani ya Uzazi wa Mpango Itanifaa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, na wa mwisho ana miezi minne. Ninamnyonyesha, ila tangu niliporudi kazini hupewa maziwa mengine mchana. Hedhi haijarudi. Mimba yake niliipata nikiwa natumia vidonge vya majira, ambavyo kusema kweli nilikuwa navisahau. Mimi na mume wangu tunataka mtoto wa tatu, lakini si kabla huyu hajatimiza miaka miwili. Wifi yangu ananionya kwamba sindano huharibu kizazi na kitanzi hupanda hadi moyoni. Nichague nini?

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa kujifungua salama. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza kwa sababu ndilo la haraka zaidi: kinga uliyo nayo sasa si ya kutegemea. Kunyonyesha huzuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja, yaani mtoto awe hajafikisha miezi sita, hedhi iwe haijarudi, na mtoto awe ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana. Kwako sharti la tatu limekwisha kuvunjika. Wala usisubiri hedhi ikupe taarifa, kwa maana yai linaweza kupevuka kabla hujaiona hedhi ya kwanza, na wapo wanawake wanaoshika mimba nyingine bila kuiona kabisa. Kuanzia leo tumieni kondomu mpaka utakapopata njia nyingine.

Kuhusu vidonge, usijilaumu. Wanawake 100 wakivimeza kila siku bila kukosa, kwa mwaka mzima hata mmoja ni nadra kushika mimba. Katika maisha tunayoishi, yenye safari, zamu za kazi na watoto wagonjwa, takriban 7 kati yao hushika. Kondomu za kiume nazo hutoka 2 zikitumiwa sawasawa kila mara hadi 13 kwa matumizi ya kawaida. Sindano ya miezi mitatu hufikia takriban 4, kwa sababu tarehe ya kurudi hupita. Kijiti na kitanzi havina pengo la namna hiyo: ni pungufu ya mwanamke mmoja kati ya 100, kwa kuwa kikishawekwa hakuna cha kukumbuka. Ndiyo maana wanaponijia kuuliza njia ipi ina nguvu, mimi huwauliza kwanza ni njia ipi wataweza kuishi nayo bila kuikumbuka kila asubuhi. Zaidi ya hayo, vidonge vyenye vichocheo (homoni) viwili havikufai kabla mtoto hajafikisha miezi sita, kwa kuwa vinaweza kupunguza maziwa. Vipo vya kichocheo kimoja vinavyomfaa anayenyonyesha, lakini vingi kati ya hivyo vinataka kumezwa saa ile ile kila siku, na wewe umekwisha nieleza shida yako ilikuwa wapi.

Wifi yako amekosea kuhusu sindano, ingawa nadhani najua hofu yake imetoka wapi. Mwanamke akiacha sindano, mwili huchelewa kurudia hali yake: kwa wastani mimba hupatikana miezi kumi hivi baada ya sindano ya mwisho, na wengine hupita mwaka. Katika kipindi hicho hedhi inaweza isionekane kabisa, mume akaanza kuuliza, ndugu wakahitimisha kwamba kizazi kimekufa. Hakijafa, kimechelewa tu. Sindano ina faida zake, kwani haihitaji kitu cha kutunza nyumbani, hakuna anayeweza kujua kwamba unaitumia, na kwa wengi hupunguza damu ya hedhi. Hata hivyo, kwa mtu aliyepanga mtoto baada ya muda mfupi kama wewe, kuchelewa huko ni kasoro ya kweli. Tena ikishachomwa haitolewi. Isipokubaliana na mwili wako, utavumilia mpaka muda wake uishe.

Kitanzi hakiwezi kupanda moyoni, kwa sababu hakuna njia ya kutoka mfuko wa uzazi kwenda huko. Linaloweza kutokea, tena kwa nadra, kwa mwanamke mmoja au wawili kati ya 1,000, ni kitanzi kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi wakati wa kuwekwa na kuingia tumboni, na hapo hutolewa kwa upasuaji. Hatari hiyo huongezeka kidogo kwa anayenyonyesha, kwa hiyo hakikisha anayekuwekea ni mzoefu. Kitanzi cha shaba hakina kichocheo chochote, hakigusi maziwa, hukaa hadi miaka kumi, na siku kikitolewa uwezo wa kushika mimba upo pale pale. Kasoro yake ni hedhi nzito na maumivu ya tumbo, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Mwenye upungufu wa damu asikikimbilie bila kushauriana na mtaalamu. Kipo pia kitanzi chenye kichocheo, ambacho kinyume chake hupunguza damu.

Kijiti ni kipande laini chenye urefu wa sentimita nne, chembamba kama njiti ya kiberiti. Mtoa huduma hukuchoma ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kisha hukiingiza chini ya ngozi kwa dakika chache bila kushona. Ukipitisha kidole utakigusa, na ni vizuri ukiguse siku hiyo hiyo kabla hujaondoka. Cha kimoja hukaa miaka mitatu, vya viwili miaka mitano, na vyote hutolewa siku yoyote unayotaka. Kinachowafanya wengi warudi kukitoa mapema ni damu isiyo na ratiba: matone wiki mbili, kimya mwezi mzima, kisha matone tena. Haina madhara kwa kawaida, lakini inachosha, na mwanamke ambaye hakuelezwa mapema huogopa kwa haki kabisa. Kama unatumia rifampicin ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa au efavirenz, ambayo ni dawa ya virusi vya UKIMWI, sema kabla ya kuwekewa, kwa sababu hupunguza nguvu ya kijiti.

Kwa hali yako ningechagua kati ya kijiti na kitanzi cha shaba, na mwamuzi awe hedhi yako ya zamani. Kama ilikuwa nyepesi na hutaki vichocheo, kitanzi kitakufaa; kama ilikuwa nzito na ya maumivu, anza na kijiti. Kabla ya kuwekewa, uliza nani atakitoa na kama utatolewa siku utakayotaka. Asikuambie mtu kwamba lazima umalize miaka yake. Na kwa kuwa njia hizi mbili hazizuii virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya ngono, palipo na shaka yoyote kondomu iendelee.

SWALI: Nina umri wa miaka 39 na nimegunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Natumia vidonge vya majira kwa miaka mingi, na anayeniuzia hajawahi kunipima. Niendelee?

JIBU: Hapana, dada yangu, kama ni vile vyenye vichocheo viwili. Kichocheo cha estrojeni pamoja na shinikizo la kuanzia 140 kwa 90 huongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mvutaji wa sigara aliyevuka miaka 35 na kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimuliko machoni. Nenda kituo cha afya wiki hii na pakiti yako mkononi ili wajue ni vya aina gani. Kitanzi cha shaba hakina ugomvi na shinikizo, na kijiti kwa kawaida kinakubalika. Ukiacha vidonge kabla hujapata njia nyingine, tumia kondomu siku hiyo hiyo.

SWALI: Mimi na mke wangu tuna watoto wanne na tumekubaliana kwamba nifunge uzazi mimi. Je, nitapoteza nguvu za kiume?

JIBU: Hutazipoteza, ndugu yangu. Kinachokatwa na kufungwa ni mirija inayopitisha mbegu. Korodani huendelea kutoa vichocheo vyake, na manii hutoka kama kawaida kwa sababu mbegu ni sehemu ndogo sana yake. Upasuaji wake ni mdogo kuliko wa kumfunga mke wako, na nafurahi umejitolea. Ichukulieni kuwa njia ya kudumu, kwani kufungua upya ni kugumu na mara nyingi hakufanikiwi. Jambo moja wanaume wengi hulisahau: mbegu zilizokwisha pita mahali palipofungwa bado zipo, kwa hiyo tumieni kondomu au njia nyingine kwa miezi mitatu, kisha rudi upimwe manii, na msiache kinga hiyo kabla ya kupata majibu ya kipimo.