Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Nashuka Igoma

Mwanangu,

Huku Magu hatujambo. Goti la mama yako limetulia, na ng'ombe yule mwekundu amezaa dume.

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Baba, kila ukienda Mwanza unashukia Igoma kwenye makaburi ya waliokufa na meli ya MV Bukoba, na sisi hatuna ndugu aliyezikwa pale. Unamfuata nani?" Nikajifanya mtandao unakatika. Haukukatika, mama. Ni swali ambalo sikutaka kulijibu nimesimama sokoni.

Namfuata mtu niliyesoma naye shule ya Ihungo, Bukoba. Usidhani alikuwa rafiki yangu. Wanasema marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu nikimsifia atanicheka huko aliko. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, na usiku kucha alikuwa akijigeuza mpaka vumbi la godoro linaniingia machoni. Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mimi Msukuma niliyetupwa Bukoba na serikali, maana enzi zile ukifaulu unapelekwa mkoa wowote, ukachanganyike na wenzako. Alinitania kwa sababu ya kila kitu: Kiswahili changu, ndizi nilizomenya kwa kuchuna kama viazi, na hasa senene. Msimu wao ukifika walikuwa wanajaa kwenye taa za nje usiku, na bweni zima linatoka prepu mbio kuwaokota. Yeye ndiye aliyenilisha wa kwanza. Alinidanganya kuwa ni dagaa wa kwao. Nilipojua nilikuwa nimeshamaliza bakuli, na nikaomba wengine.

Mwaka 1984 alinikopa shilingi ishirini, akasema za nauli ya likizo. Hakulipa. Wakati huo ishirini ilikuwa hela, usicheke.

Tulipomaliza shule kila mtu akaenda zake. Mimi nikapata kazi Mwanza, yeye akawa anasafirisha ndizi kwa meli kuja kuuza. Kila tulipokutana bandarini, kabla hata ya salamu, alikuwa anapaza sauti: "Bwana mkubwa, deni lako lipo!" Kisha ananipa mkungu wa ndizi, na ukijumlisha mikungu yote ile alinilipa mara kumi. Lakini ile ishirini yenyewe hakuitoa. Nadhani aliona akiitoa hatutakuwa tena na cha kuanzia mazungumzo.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikapinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430, na waliokufa walizidi 800. Kwa muda ilielea imegeuka, tumbo juu, na waliokuwa ndani wakasikika wakigonga bati. Lilipotobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikazama nao. Hilo tuliambiwa na watu waliokuwa kwenye mitumbwi, na mpaka leo nikisikia mtu anagonga bati nasogea mbali.

Siku iliyofuata kaka yake akaja kwangu. Alikuwa amemsindikiza Kemondo, akamwona kwa macho yake akipanda. Daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina, na mfanyabiashara wa ndizi hapandi daraja jingine. Kwa hiyo jina lake halimo popote. Siku tatu tulikwenda Uwanja wa Nyamagana, ambako miili ilikuwa inalazwa ili watu watambue ndugu zao. Sitakueleza tuliyoyaona. Nitakwambia tu kwamba kaka yake alikuwa anaangalia nyuso, mimi nilikuwa naangalia miguu, kwa sababu miaka ile yote nilichokiona kila alfajiri nikifumbua macho ni miguu yake ikining'inia.

Hatukumpata. Wasiotambuliwa wakazikwa Igoma, nasi tukaenda. Kaka yake akauliza, "Tutupe udongo wapi?" Nikamwonyesha kaburi moja la pembeni. Nililichagua tu, sikuwa na sababu. Akatupa, nikatupa. Huenda amelala mtoto wa watu wengine kabisa, na huenda ndugu wa mtoto yule nao walitupa udongo wao kwa wetu.

Ningeweza kwenda kumkumbukia shuleni, lakini lile tetemeko la Septemba 2016 liliibomoa Ihungo tuliyoijua, wamejenga mpya. Kilichobaki ni pembe ile ya Igoma. Sifanyi kitu kikubwa pale. Nasimama, nang'oa majani mawili matatu, namkumbusha deni lake, napanda daladala.

Ukija Desemba tutashuka wote. Mama yako usimwambie habari ya ile ishirini. Yeye anaamini nilishaisamehe.

Baba yako